Rimu za Aloi kwa Gari la Spoti: Vipimo Kwanza, Urembo Baadaye

(Mazungumzo ya elimu kwa mlaji)



Mada ya leo huenda ikaonekana kuwa ya vijana peke yao, au ya wale wenye fedha ya kuchezea. Sivyo. Magari ya spoti yaliyotumika Japani, kama vile Subaru Impreza, Toyota Altezza na Toyota Celica, yamezagaa katika miji yetu, na wengi wanaoyamiliki ni wafanyakazi na wafanyabiashara wa kawaida waliojinyima ili kuyapata. Mara nyingi jambo la kwanza wanalofikiria baada ya kulipata gari ni kubadilisha rimu.

Hatuna nia ya kumkataza mtu kulipamba gari lake. Tunachotaka kusema ni kimoja, nacho ni hiki: rimu ni kipuri cha usalama kabla haijawa pambo. Breki iwe nzuri kiasi gani, usukani uwe mwepesi kiasi gani, nguvu ya injini iwe kubwa kiasi gani, vyote hufika barabarani kwa kupitia rimu na tairi lililovalishwa juu yake. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuingia dukani na vipimo vya gari lake mkononi, wala asiingie na picha peke yake. Muuzaji mwema atafurahi kukutana na mnunuzi wa aina hiyo, na muuzaji asiye mwema atashindwa kumdanganya.

Tuvitazame basi vipimo hivyo kimoja kimoja.

Matundu ya bolti na duara lake

Kipimo cha kwanza huandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 5x100 au 5x114.3. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya matundu ya bolti. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Toyota Celica na Subaru Impreza WRX nyingi za zamani hutumia 5x100. Altezza na Mark X hutumia 5x114.3. Hata magari ya jina moja hutofautiana: Impreza WRX STI ilikuwa na 5x100, kisha kuanzia toleo la 2005 ikahamia 5x114.3. Ndiyo maana jibu la "hii ni ya Subaru" halitoshi. Mwaka na toleo la gari ni lazima vijulikane.

Hatari kubwa haiko katika rimu iliyo mbali na kipimo, kwa kuwa hiyo haiingii kabisa. Hatari iko katika ile iliyokaribia. Rimu za 5x112, ambazo hutumiwa na magari mengi ya Mercedes-Benz, Audi na Volkswagen, hufanana mno na zile za 5x114.3. Ukipima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani, ya kwanza itakupa takriban milimita 65.8 na ya pili milimita 67.2. Ni tofauti ya milimita moja na nusu hivi, wala jicho haliwezi kuitambua. Fundi mwenye haraka anaweza kuzilazimisha nati zikaingia, lakini bolti zitakuwa zimevutwa upande, nati hazitakaa sawasawa katika viti vyake, na baada ya mwendo zitaanza kulegea. Rimu isiyolingana kwa duara la bolti isifungwe, hata kwa safari ya kurudi nyumbani.

Tundu la kitovu

Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linaloingia kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Subaru nyingi za spoti zina habu ya milimita 56.1, Altezza na Mark X zina 60.1, Nissan nyingi zenye bolti tano zina 66.1. Tundu la rimu likiwa dogo kuliko habu, rimu haiwezi kukaa. Msikubali ichongwe kwa tupa ili ilingane. Tundu likiwa kubwa zaidi, jambo ambalo ni la kawaida kwa rimu zilizotengenezwa kuvaa magari mengi, pengo huzibwa kwa pete maalumu yenye kipenyo cha ndani sawa na habu na kipenyo cha nje sawa na tundu la rimu. Bila pete hiyo, rimu hukosa kukaa katikati, na dereva huanza kuhisi usukani ukitetemeka hata baada ya matairi kubalansiwa. Pete hizi ni za bei ndogo. Zidaini pamoja na rimu, na ziandikwe kwenye risiti.

Kipenyo, upana na tairi

Kipenyo cha rimu ndicho ambacho kila mtu hukijua: inchi 16, 17, 18 na kuendelea. Watu wachache hukumbuka kwamba kadiri rimu inavyokua, ndivyo mpira wa tairi unavyopaswa kupungua, ili gurudumu zima libaki na urefu uleule. Tuchukue tairi la 205/55R16. Gurudumu lake zima lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Ukipanda hadi rimu ya inchi 17 na tairi la 225/45R17, kipenyo ni milimita 634. Ukipanda hadi inchi 18 na tairi la 225/40R18, ni milimita 637. Zote zinakaribiana, kwa hiyo spidomita haitapotoka sana.

Lakini tazameni ukuta wa tairi, yaani ule mpira ulio kati ya rimu na barabara. Katika inchi 16 ulikuwa milimita 113. Katika inchi 18 umebaki milimita 90. Zile milimita 23 zilizoondoka ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo na matuta. Zikiondoka, pigo huifikia rimu moja kwa moja, kisha shokapu, beringi na bushi. Barabara zetu tunazijua. Kwa gari linalotumika kila siku, tunashauri kutozidi inchi moja juu ya kipimo cha kiwandani. Inchi mbili ni za mtu anayejua barabara atakazopita na aliye tayari kulipia matokeo yake.

Upana nao una mipaka. Tairi la 225/40R18 limekusudiwa rimu yenye upana wa kati ya inchi 7.5 na 9. Ile mitindo ya kuvalisha tairi jembamba kwenye rimu pana hadi mpira unalala kama ngozi ya ngoma haifai, kwani kingo za tairi zinaweza kubanduka kwenye rimu gari linapokata kona au linapoingia shimoni.

Angalieni pia uzito ambao tairi jipya linaweza kubeba. Tairi la 205/55R16 lenye namba 91 hubeba kilo 615. Tairi la kawaida la 225/40R18 huwa na namba 88, nalo hubeba kilo 560 tu. Mnunuzi aliyepanua rimu na tairi akidhani ameongeza nguvu, kumbe ameipunguza. Tairi lililoimarishwa la kipimo hichohicho, lenye alama ya XL na namba 92, hubeba kilo 630, mradi lijazwe upepo wa kutosha. Dai hilo.

Wenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Impreza, wakumbuke jambo moja zaidi: matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yenye kuchakaa sawa. Matairi yakipishana ukubwa, mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika na kuharibika kabla ya wakati.

Ofseti

Nyuma ya rimu nyingi mtaona herufi ET zikifuatwa na namba, kwa mfano ET55. Hiyo ndiyo ofseti: umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapogusana na habu. Namba ikishuka, gurudumu husogea nje. Ikipanda, gurudumu huingia ndani.

Tuseme gari lako lilikuja na rimu ya upana wa inchi 7 yenye ET55, nawe unapewa rimu ya upana wa inchi 8 yenye ET35. Upana ulioongezeka unasukuma ukingo wa nje kwa milimita 12.7, na ofseti iliyopungua inausukuma kwa milimita 20 nyingine. Jumla ni karibu milimita 33. Kwa gari lililoshushwa, tairi litakwaruza madigadi kila linapopita tuta likiwa na abiria wa nyuma. Tena mzigo wa gurudumu umehamia mbali na beringi, ambazo hazikuumbwa kwa mkao huo. Rimu ileile ya inchi 8 ikiwa na ET48 ingetoka nje kwa milimita 20 hivi na kuingia ndani kwa milimita 6 hivi, nayo huenda ikakaa vizuri. Kabla ya kulipa, fanyeni hesabu hii kwa karatasi na kalamu.

Breki nazo zikumbukwe. Magari ya spoti huwa na kalipa kubwa, na spoki za rimu zinaweza kuigusa hata kama kipenyo kinatosha. WRX STI yenye breki kubwa za Brembo, kwa mfano, huhitaji rimu ya inchi 17 au zaidi, na bado umbo la spoki lazima likaguliwe.

Uwezo wa kubeba na alama za ubora

Rimu iliyotengenezwa kwa uaminifu huwa imeandikwa mzigo inaoweza kubeba, kwa kilo au kwa paundi. Paundi 1,521, kwa mfano, ni sawa na kilo 690. Tafuta katika kitabu cha gari mzigo wa juu kabisa wa ekseli iliyo nzito zaidi, kisha ugawe kwa mbili. Ekseli ya kilo 1,060 inataka rimu yenye uwezo wa kilo 530 au zaidi. Rimu isiyo na maandishi ya mzigo popote, mbele au nyuma, usiinunue.

Rimu za Kijapani huwa na alama ya JWL, ambayo ni tamko la mtengenezaji kwamba amefuata kanuni za Japani za rimu za aloi za magari ya abiria. Kanuni hizo zinataka rimu izungushwe huku ikipindwa, iviringishwe chini ya mzigo mzito, na ipigwe kwa uzito unaoangushwa juu yake. Alama ya VIA huongezwa pale rimu inapokuwa imesajiliwa baada ya kupimwa na chombo huru. Rimu nyingi za Ujerumani huwa na namba inayotanguliwa na herufi KBA. Alama hizi ni msaada, lakini hazitoshi peke yake, kwa kuwa mwenye kughushi rimu hashindwi kughushi herufi tatu. Tazameni kama maandishi yametoka pamoja na chuma chenyewe, kama ni safi, na kama kipimo, ofseti, mzigo na jina la mtengenezaji vyote vipo na vinakubaliana.

Ni vyema pia kujua namna rimu ilivyotengenezwa. Rimu nyingi husubiwa, yaani aloi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Nyingine husubiwa kisha ukingo wake huvingirishwa kwa mashine ukiwa moto, ili uwe mwembamba na imara. Nyingine hufuliwa kutoka bonge moja la aloi kwa mgandamizo mkubwa. Hizi huwa nyepesi na imara zaidi, na bei yake ni kubwa. Wepesi una faida ya kweli kwa gari la spoti, kwani gurudumu jepesi huwahi kuitika breki, mwendo na umbo la barabara. Rimu iliyosubiwa vizuri, yenye jina na vipimo, bado ni bora kuliko ile inayouzwa kwa jina la "kufuliwa" bila ushahidi wowote.

Rimu zilizotumika

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Ilala, rimu nyingi ni za mtumba. Si vibaya kuzinunua. Rimu ya mtumba iliyotunzwa, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yaweza kuwa salama kuliko rimu mpya ya kughushi. Lakini mtumba unataka macho.

Ombeni rimu ivuliwe tairi. Ikagueni upande wa ndani, mahali ambapo wauzaji hawapaki rangi kwa bidii, na mpitishe kidole na tochi kwenye mzunguko wote mkitafuta nyufa. Iwekwe kwenye mashine ya kubalansi izungushwe. Ikicheza juu na chini au kushoto na kulia, imepinda. Kagua viti vya nati: vikiwa vimelika na kuwa vya mviringo usio sawa, rimu hiyo iliwahi kutembea ikiwa imelegea.

Na hapa tunaomba msikilize kwa makini. Rimu ya aloi iliyopasuka na kuchomelewa si rimu tena. Aloi hupewa ugumu wake kwa kupashwa joto kwa kipimo maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo pale palipochomelewa na pembeni yake. Kwa nje itang'aa, hasa ikipakwa rangi mpya. Shimo la kwanza kubwa kwenye mwendo wa barabara kuu ndilo litakalotoa hukumu. Rangi mpya juu ya rimu ya zamani ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Rimu nyingi za mtumba huuzwa pamoja na matairi yake. Someni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limezeeka na kukauka ghalani. Msiruhusu tairi la zamani lihesabiwe kuwa zawadi.

Nati na ufungaji

Nati za Toyota na Subaru nyingi hutumia bolti ya milimita 12, lakini uzi wake si mmoja: Toyota ni 1.5, Subaru ni 1.25. Nati ya moja ikilazimishwa kwenye nyingine kwa mashine, uzi huharibika. Viti vya nati pia hutofautiana. Baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo nyoofu na washa, ilhali rimu nyingi za kununuliwa pembeni hutaka nati yenye mdomo wa koni. Zisichanganywe. Nati za zamani zitunzwe pamoja na tairi la akiba, maana siku ya pancha ndizo zitakazohitajika.

Nati ishike uzi wa kutosha: kwa bolti ya Subaru, izunguke mara 10 hivi kabla ya kukaza; kwa Toyota, mara 8. Ikazwe kwa mfumo wa nyota, si kwa kufuata duara, na kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota nyingi ndogo kiwango ni nyutonimita 103. Kwa gari lako fuata kitabu chake. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudini mkazikaze tena. Jambo hili huchukua dakika kumi, na linasahauliwa kuliko yote.

Haki yako na namna ya kuilinda

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na bidhaa zenye alama za kughushi. Lakini sheria humsaidia zaidi mtu mwenye ushahidi. Risiti ya EFD unayopewa itaje jina la mtengenezaji, kipimo kamili, ofseti, na kama rimu ni mpya au zimetumika. Iwapo mashine haitoi maelezo hayo, muuzaji ayaandike kwa mkono kwenye karatasi ya duka na kutia sahihi.

Mkubaliane pia, kabla ya kulipa, kwamba rimu zitarudishwa zisipolingana. Kisha jaribuni rimu moja ikiwa tupu, bila tairi, mbele na nyuma ya gari. Ikigusa kalipa au shokapu, mtajua papo hapo, na rimu itakuwa haijachubuka. Ikishavalishwa tairi na kutembea, muuzaji ana sababu ya kukataa kuipokea. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kuhusu badiliko hilo, na rimu za kiwandani zisiuzwe kwa haraka.

Ukiuziwa kitu ambacho sicho, anza kwa kumwandikia muuzaji na kumpa muda wa kurekebisha. Asipofanya hivyo, peleka malalamiko pamoja na risiti na picha kwenye Tume ya Ushindani. Na kama shaka yako ni juu ya ubora wa bidhaa yenyewe, kwenye Shirika la Viwango Tanzania. Ukilalamika, huenda ukarudishiwa fedha zako. Na hata usiporudishiwa, umemkinga mnunuzi anayekuja nyuma yako.

Ndugu zetu, wahenga walisema rahisi hughali. Kabla hamjatoka nyumbani, andikeni kwenye karatasi moja: duara la bolti, habu, kipenyo na upana, ofseti, mzigo wa ekseli, na uzi wa nati. Mkifika dukani, ulizeni hayo kwanza. Rimu itakayoyajibu yote ndiyo mchague rangi yake.